Mama Nyoosha na Miguu Isiyotulia

Jina lake halisi wachezaji wengi hawakulijua, na waliolijua hawakulitumia. Walimwita Mama Nyoosha, kwa sababu siku ya vipimo neno hilo ndilo lililosikika kutoka chumbani kwake tangu asubuhi: "Nyoosha! Nyoosha, usiachie! Bado, bado... haya, pumzika." Wapo waliosema jina lina maana mbili, kwamba mtoto akiingia mle amepinda, anatoka amenyooka. Mwenyewe hakulipenda wala hakulikataa. Alikuwa na mambo mengine ya kumkera.

Alikuwa mtaalamu wa viungo. Miaka ya mwanzo ya kazi yake aliitumia katika wodi ya mifupa, akiwafundisha watu wazima waliovunjika kutembea upya, na kule hakuna aliyemharakisha. Halafu timu moja ya mpira yenye kituo cha vijana ikamwajiri awaangalie chipukizi wake, watoto wa kuanzia darasa la sita hivi mpaka wale wanaoanza kuota ndevu. Alidhani atakuwa anafunga bandeji na kukanda misuli. Kazi hiyo ilikuwepo, lakini kubwa zaidi ilikuwa kupima nguvu za miguu yao kila mwezi, ili ijulikane nani anaimarika, nani amebaki nyuma, na nani goti lake liko hatarini.

"Kazi nyepesi tu," Kocha alimwambia siku ya kwanza. "Wanasukuma, unasoma namba, unaniletea."

Maneno hayo alikuja kuyakumbuka mara nyingi, na kila alipoyakumbuka alisonya.

Chumba alichopewa kilikuwa chini ya jukwaa la watazamaji. Dari lake liliinama kufuata ngazi za juu, kwa hiyo upande mmoja mtu alisimama vizuri na upande wa pili aligonga kichwa. Kilinuka mipira iliyolowa na dawa ya kuchua. Ndani kulikuwa na kitanda cha kukandia, kabati la mipira lisilofunga, baiskeli ya mazoezi isiyo na pedali moja, na kile kidude chenyewe cha kupimia: kitu cha kuenea kiganjani, upande mmoja kina kipande cha sponji, upande wa pili kioo kidogo cha kuonyesha kilo. Mchezaji alikaa ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia. Mama Nyoosha alipiga magoti mbele yake, akakibana kidude juu kidogo ya kifundo cha mguu, kisha mtoto akajaribu kunyoosha goti huku yeye akimzuia. Namba ikatoka.

Kwa watoto wadogo mambo yalienda. Kisha akaja kijana waliyemwita Trekta. Umri wake ulikuwa sawa na wa wenzake, ila mwili wake ulikuwa umewahi: sauti nzito, mapaja kama magogo, kivuli cha masharubu. Alinyoosha mguu mara moja tu, na Mama Nyoosha akateleza sakafuni kwa magoti mpaka akaligonga kabati, mipira ikamwagika kama viazi.

"Samahani, Mama," alisema Trekta.

"Usiombe samahani. Rudia."

Alirudia, na Mama Nyoosha akateleza tena. Jioni, nyumbani, alimsimulia mumewe, ambaye alikuwa fundi wa friji na alikuwa amelala chali chini ya friji ya jirani iliyoletwa kutengenezwa.

"Sasa niambie," alisema, "ile namba ni ya mguu wa Trekta au ni ya mikono yangu?"

"Ya mikono yako," mume akajibu kutoka chini. "Kesho waambie wakusajili wewe."

Alicheka peke yake huko chini. Mama Nyoosha hakucheka, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa hasa. Kwa wenye nguvu, alikuwa anapima uwezo wake wa kuzuia. Siku aliyokuwa na uchovu, timu nzima ilionekana kudhoofika.

Na hilo lilikuwa moja tu. Alijaribu kumpima mtoto mmoja asubuhi na kumrudia alasiri, mguu uleule, akapata namba mbili tofauti kabisa. Huyu alikuja mbio kutoka shule. Yule alikuwa amegombana na mwenzake na akasukuma kwa hasira. Mwingine goti lilikuwa linamuuma akaficha, asije akaachwa nje ya kikosi. Wengine walijazana mlangoni wakishangilia kama fainali. Mbaya zaidi alikuwa Kocha mwenyewe. Akikaa Trekta kwenye kitanda, Kocha alisimama nyuma yake akipiga makofi: "Vunja! Vunja hiyo mashine, mwanangu!" Akikaa mtoto mwingine, Kocha alitoa simu akaangalia matokeo ya ligi.

"Kocha," Mama Nyoosha alimwambia, "ukimshangilia huyu, uwashangilie wote. Au usimshangilie yeyote."

"Dokta, si ninamtia moyo tu?"

"Mimi si daktari. Na moyo siupimi, napima paja."

Basi akaamua kutengeneza utaratibu wake. Mlango unafungwa. Hakuna mtazamaji, awe mchezaji, mzazi au Kocha. Kila mtoto anapasha mwili kwenye ile baiskeli, hivyohivyo na pedali yake moja na kipande cha mti kilichofungwa badala ya nyingine. Kila mtoto anaambiwa maneno yaleyale kwa sauti ileile. Anasukuma mara kadhaa, si mara moja. Na anayekuja kwa mara ya kwanza anajifunza tu. Namba yake ya siku hiyo haihesabiwi, maana mtu akijaribu kitu kipya huboreka kwa kukizoea tu, hata kama paja halijaongezeka chochote.

Mikono yake nayo akaistaafisha. Stoo ya kiwanja ilikuwa na kiti kizito cha chuma ambacho hakuna aliyejua kilitoka wapi. Alimsumbua fundi wa kiwanja mpaka kikakazwa sakafuni kwa boliti. Nyuma yake pakawekwa nguzo fupi, kidude kikafungwa kwa mnyororo mfupi kwenye nguzo, na kipande cha sponji kikaja mbele ya mguu kwa mkanda. Sasa Trekta asukume atakavyo, atashindana na sakafu ya zege.

Alidhani amemaliza.

Kisha akakaa kwenye kile kiti mchana mmoja, amechoka, akajiuliza swali lililomharibia wiki nzima. Mguu wa mtoto hautulii. Mwezi huu uko hivi, mwezi ujao umerefuka, umenenepa, umebadilika. Namba ikipanda au ikishuka, nitajuaje kama aliyebadilika ni mtoto au ni kiti changu? Alihitaji mguu ambao haukui tena. Mguu wa mtu mzima, wa mtu mmoja, wa kuja mara kwa mara bila kukosa.

Mumewe alikubali, akaja mara moja, akasema kiti kinabana, hakurudi. Ndipo akamgeukia mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa fundi cherehani. Alikanyaga cherehani ya miguu tangu ujana wake, na hata baada ya kuhamia kwa mwanawe aliendelea kushona sare za shule kwenye kona ya sebule, akikanyaga tangu chai ya asubuhi. Alikuwa mtu wa maneno.

"Unataka kunipima mimi? Kama gunia la mahindi?"

"Si uzito, Mama. Nguvu za mguu tu. Kila Jumamosi, dakika chache."

"Na hao watoto wako wana kasoro gani?"

"Wanakua."

Mama mkwe alimtazama mkwewe juu ya miwani. "Wanakua, na wewe unalalamika. Haya makubwa." Lakini Jumamosi alijitanda kanga, akavaa viatu vyake vya kutokea, akaja.

Alikuwa mtihani. Alilalamika ngazi, alilalamika harufu ya mipira, alilalamika kwamba kiti ni cha baridi. Akiambiwa nyoosha, aliuliza kwanza, "Kwa nini unapiga kelele na mimi niko hapa?" Lakini akianza kusukuma, alisukuma kwa moyo wote, midomo imebana, na namba yake ikarudi ileile, Jumamosi baada ya Jumamosi, kama mtu anayesoma saa. Mama Nyoosha aliona raha ambayo hakuwa ameionja tangu atoke wodini. Kumbe kiti kiko sawa. Kwa hiyo mguu wa mtoto ukibadilisha namba, mguu ndio uliobadilika.

Hapo ndipo suala la Twiga lilipomkaba.

Twiga alikuwa mtoto wa msusi mmoja mwenye kibanda jirani na kituo cha mabasi. Mwaka uliotangulia alikuwa wa kawaida tu, kiungo mwepesi, mpole, anayepokea mpira kama anapokea yai. Ghafla akaanza kurefuka. Suruali zikamwacha, viatu vikamkataa, akawa anajigonga kwenye dari la chumba cha vipimo kila anapoinuka. Na kwenye kile kiti kipya, cha kuaminika, kilichothibitishwa na mama mkwe, namba yake ilishuka. Mwezi uliofuata ikashuka tena, na wa tatu vilevile.

"Nilikwambia," alisema Kocha. "Mguu umelala. Huyu mtoto ni mvivu."

"Kocha, mtoto anakimbia kuliko wote."

"Anakimbia, lakini mguu umelala. Namba si yako? Kiti si chako?"

"Ni changu. Lakini sijui kwa nini inashuka. Nipe muda."

"Hujui?" Kocha alivua kofia, akaivaa tena. "Dokta, umenifukuza kwenye chumba changu mwenyewe, umenifungia mlango, umetoboa sakafu, halafu unaniambia hujui?"

"Ndiyo. Sijui. Nikijua nitasema nimejua."

Kocha hakuweza kusubiri. Kombe la vijana lilikuwa linakaribia. Alimtoa Twiga kwenye kikosi, akamweleza mbele ya wenzake kwamba vipimo vimeonyesha mguu wake umelala. Siku mbili baadaye mtoto hakuonekana mazoezini, na wiki iliyofuata vilevile.

Mama Nyoosha alikasirika hadi akakosa usingizi. Alimkasirikia Kocha kwa kuropoka, akakikasirikia kiti, akajikasirikia yeye mwenyewe kwa kutoa namba ambayo hakuielewa. Jumamosi alimpokea mama mkwe bila hata kumsalimia vizuri, na mama mkwe akaona.

"Leo umevimba. Nani kakukosea?"

"Hakuna, Mama. Kaa tu tumalize."

Alimfunga mkanda, akageuka kutafuta kalamu iliyokuwa imebingirika chini ya kabati. Aliporudi, akasema maneno yake yaleyale, na mama mkwe akasukuma. Namba ikaruka. Haikuongezeka kidogo, iliruka juu kabisa, kama ya Trekta.

"Mama! Umefanya nini?"

"Nimefanya ulichosema. Nimenyoosha."

"Hapana, hii namba si yako."

"Mguu ni wangu, kiti nimekalia mimi. Basi ni ya nani?"

"Rudia, tafadhali."

Akarudia. Namba kubwa ileile. Mama Nyoosha alihisi machozi ya hasira yanamlenga. Miezi yote ile ya kazi, boliti, mnyororo, pedali ya mti, na sasa hata mguu pekee uliotulia umemgeuka! Akapiga magoti kukagua mnyororo. Uko sawa. Akakagua boliti. Ziko sawa. Ndipo alipouona mkanda. Haukuwa juu ya kifundo alipouacha. Ulikuwa umepandishwa mpaka katikati ya ugoko.

"Mama, nani kausogeza huu mkanda?"

"Mimi. Kuna mbu kaniuma pale chini, unawasha. Nikausogeza. Kwani ni kosa?"

Mama Nyoosha aliinua mkono kumkaripia, akaushusha. Akakaa sakafuni.

Jambo lenyewe alilijua. Alikuwa amefundishwa chuoni akalifanyia na mtihani. Sukuma mlango karibu na bawaba na utahangaika; usukume kwenye kitasa na utafunguka kwa kidole. Paja linalinyoosha goti kwa nguvu ileile, lakini kadiri kidude kinavyokaa mbali na goti, ndivyo kinavyoona nguvu kidogo. Kikisogezwa karibu na goti, kinaona nyingi. Na yeye, kwa utaratibu wake ulioshika kila kitu, alikuwa anakiweka kwa kila mtoto, kila mwezi, mahali palepale: juu kidogo ya kifundo. Kwa mama mkwe palepale ni palepale kweli. Kwa Twiga, kifundo kilikuwa kinahama! Ugoko ulikuwa unarefuka, kifundo kinashuka na kidude kinashuka nacho, mbali na goti, mwezi hadi mwezi.

"Mbona umekaa chini?" aliuliza mama mkwe. "Nimeharibu?"

"Hujaharibu, Mama. Mimi ndiye niliyekuwa naharibu."

"Basi nifungue nijikune."

Kituo kilikuwa na desturi ya kupima urefu wa kila mtoto akiwa amesimama na akiwa amekaa, ili kufuatilia anavyokua. Mama Nyoosha alizitazama zile namba za Twiga. Akikaa, alikuwa ameongezeka kidogo tu. Akisimama, alikuwa ameongezeka sana. Urefu wote ulikuwa umeenda miguuni. Lakini hakutaka tena kusema jambo kwa kukadiria. Alihitaji kumpima mtoto mwenyewe, ugoko wake kwa futi ya kamba, halafu kwenye kiti. Na mtoto hakuwepo.

Akaenda kibandani kwa msusi. Mama yake Twiga alikuwa katikati ya kichwa cha mteja, nywele za bandia zikiwa zimemjaa mabegani.

"Karibu, dada. Utasubiri, kuna mmoja mbele yako."

"Sijaja kusuka. Mimi ni wa kule kwenye timu. Wa vipimo."

Mikono ya msusi ikasimama. "Aaa. Wewe ndiye wa miguu iliyolala."

"Hayo maneno si yangu."

"Namba si zako?"

Kwa mara ya pili swali lilelile, na kwa mara ya pili hakuwa na pa kujificha. "Ni zangu. Namba haikuwa ya uongo, ila nilikuwa naisoma vibaya. Nataka nimpime tena."

"Dada, mwanangu amerudi nyumbani akanyoosha miguu kwenye kochi, akaitazama usiku na mchana kama mtu mwenye ugonjwa. Ananiuliza, mama, mguu ukilala unaamka? Nimjibu nini? Mwezi huu mmesema umelala, mwezi ujao mtasema umeamka, mwezi mwingine mtasema umesafiri!"

Mteja akacheka. Msusi akamvuta nywele kidogo, kicheko kikakatika.

"Una haki ya kukasirika," alisema Mama Nyoosha. "Mimi mwenyewe nimekasirika kuliko wewe."

Msusi alimtazama uso, akaona kwamba ni kweli. "Atakuja," alisema hatimaye. "Lakini yule kocha wenu amwambie mwenyewe, mbele ya wenzake, kama alivyomwambia mwanzo."

Twiga alikuja kesho yake, akaingia ameinamisha kichwa, kwa aibu na kwa ajili ya dari. Mama Nyoosha alimpima ugoko kuanzia goti mpaka kwenye mkanda, akampima kwenye kiti, akafanya hesabu yake ya kuzidisha kilo kwa urefu ule, akalinganisha na za nyuma kwa kadiri urefu wa mguu ulivyojulikana. Goti halikuwa limedhoofika hata kidogo. Lilikuwa limeongezeka nguvu kiasi. Alirudia hesabu, kisha akampima tena siku nyingine kuhakikisha, ndipo akamwita Kocha.

Kocha hakuelewa. Alieleweshwa mara mbili, hakuelewa.

"Njoo mlangoni," alisema Mama Nyoosha, uvumilivu umekwisha. Alisimama upande wa nje akauzuia mlango kwa kiganja. "Sukuma hapa kwenye kitasa." Kocha akasukuma, mlango ukamshinda Mama Nyoosha. "Sasa sukuma hapa, karibu na bawaba. Palepale. Sukuma, Kocha!"

Kocha alisukuma, akasukuma kwa bega, akakunja uso. Mlango haukutikisika.

"Sasa niambie, Kocha. Bega lako limelala?"

Kocha alisimama akihema. Nje watoto wawili waliokuwa wakipita walisimama kutazama, akawafukuza kwa mkono.

"Kwa hiyo Twiga amepanda," alisema.

"Goti limepanda kidogo. Lakini uzito wake nao umeongezeka, na mwili mzima umekuwa mrefu, kwa hiyo kila goti linabeba zaidi ya zamani. Ukigawa kwa uzito, yuko palepale alipokuwa."

"Kwa hiyo amepanda au ameshuka?"

"Anakua."

"Atamaliza lini?"

"Sijui."

Kocha alivua kofia akaitupa kitandani. "Kila kitu kwako ni sijui!"

"Na Trekta pia," Mama Nyoosha aliendelea, maana alishaanza. "Ana nguvu, sikatai. Lakini kawahi tu kukua. Wenzake wakifika, usije ukasema naye mguu umelala."

Hilo lilimuuma Kocha kuliko la Twiga. Aliondoka bila kofia. Hata hivyo, jioni alisimama mbele ya vijana akasema, huku akitazama pembeni, kwamba vipimo vya Twiga vilisomwa vibaya, mguu wake hauna tatizo, na alikosea kusema vile. Alisema kwa kasi kama mtu anayemeza dawa chungu. Lakini alisema.

Twiga alirudishwa kikosini. Si kwamba alifanya maajabu. Mechi ya kwanza aliingia kipindi cha pili, akajikwaa kwenye miguu yake mwenyewe, kwa sababu mtoto aliyerefuka ghafla ni kama mtu aliyepewa gari kubwa jana. Wenzake walicheka, naye akacheka. Mama Nyoosha, pembeni ya uwanja, alikuwa anapumua vizuri kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Haikudumu. Miezi michache baadaye Twiga alianza kuumwa chini kidogo ya goti, pale penye kifupa kinachochomoza. Ni maumivu yanayowapata wengi wanaorefuka wakiwa wanacheza sana. Mama Nyoosha alimpunguzia mazoezi, na siku ya vipimo hakumkalisha kitini kabisa. Kwenye orodha ya mwezi aliacha nafasi yake wazi.

Baada ya siku chache alipita ofisini kwa Kocha akaiona orodha imebandikwa ukutani. Nafasi ya Twiga ilikuwa na namba. Ya mwezi uliopita.

"Nani kaandika hii?"

"Mimi," alisema Kocha. "Ulisahau. Nimekusaidia."

"Sikusahau! Nafasi wazi maana yake mtoto anaumwa, hapimwi. Anayeumwa hasukumi kwa nguvu zake zote hata akitaka, mwili unamkatalia."

"Huo uvivu sasa. Mtu akitaka kusukuma, anasukuma."

"Njoo."

"Niende wapi?"

"Njoo ukae kwenye kiti."

Labda Kocha alitaka kumwonyesha. Alikwenda, akavua viatu, akakunja suruali. Alikuwa mchezaji wa zamani, na mguu wa kulia ulikuwa na kovu refu gotini ambalo hakuwa na kawaida ya kulizungumzia. Mama Nyoosha alimfunga mguu wa kushoto, akamwambia maneno yaleyale anayowaambia watoto. Kocha alisukuma mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Namba nzuri. Kisha akahamia mguu wa kulia.

"Nyoosha! Nyoosha, usiachie!"

Namba ilitoka nusu. Kocha aliitazama.

"Rudia," alisema mwenyewe.

Akarudia. Ilitoka ndogo zaidi.

"Kiti kimelegea."

"Kiti kimekazwa kwenye zege, Kocha."

Alijaribu kwa mara ya tatu, macho amefumba, mikono imeshika kingo za kiti. Katikati akaachia ghafla, akashusha pumzi. Akajisugua kovu.

"Nilikuwa nataka," alisema. "Nilikuwa nataka kabisa kusukuma. Goti ndilo lililoogopa."

Mama Nyoosha alifungua mkanda, akampa viatu vyake. Siku hiyo Kocha alikwenda mwenyewe ukutani, akaifuta ile namba.

Maumivu ya Twiga yalitulia taratibu, akarudi kucheza, na baadaye kidogo urefu wake nao ukapunguza kasi. Kiti kikapata mtaalamu wa pili, msichana aliyetoka chuoni, na Mama Nyoosha akamtaka kila mmoja apime mguu uleule bila kuona namba ya mwenzake. Mara ya kwanza walitofautiana vibaya, wakagombana mchana kutwa mpaka wakagundua kwamba mmoja anawaacha watoto waegemee nyuma na mwingine hawaachi. Wakakubaliana. Wakapima upya wote, kuanzia mwanzo.

Kocha ndiye aliyegeuka kituko. Wazazi wakimfuata kumuuliza kama watoto wao wameimarika, alikunja mikono kifuani akasema, "Inategemea." Inategemea urefu wa ugoko. Inategemea uzito. Inategemea kama kalala vizuri. Mzazi mmoja, baba mwenye haraka zake, alichoka, akashuka mpaka chumbani chini ya jukwaa, akagonga mlango uliofungwa huku ndani kuna mtoto kwenye kiti.

"Mama, nisaidie!" alisema kwa sauti ya mtu aliyefika mwisho. "Nimemuuliza kocha swali dogo tu, mwanangu ana nguvu au hana? Anazunguka, anazunguka, jibu hatoi!"

Mama Nyoosha aliufungua mlango kidogo tu, akatoa kichwa.

"Punguza sauti, baba. Nampima mtu," alisema, akaufunga.